Mdomo wa Shangazi

Tangu Huguette ang'olewe gego la mwisho, mdomo wake wa chini, upande wa kulia, ulikuwa umekufa ganzi. Daktari alimweleza kwamba ndani ya mfupa wa taya hupita neva inayotokea kwenye kitundu karibu na kidevu. Mizizi ya gego ilikuwa imeilalia, nayo ikaumia. Kazi ya neva hiyo ni kuhisi tu. Kwa hiyo mdomo ulicheka na kugomba kama zamani, ila chai ikimdondoka mwenyewe hana habari.

Sasa ilikuwa siku ya mahari ya Bella, binti wa mdogo wake Pontien. Huko kwao Kanyosha shangazi ndiye huonja pombe ya mtama mbele ya wakwe, wajue haina sumu, kisha huwapa mrija. Pontien alitaka binamu yao Marguerite aonje badala yake. Pombe ikimchuruzika Huguette kidevuni, alisema, wakwe watadhani ameitema, na posa itavunjika.

"Apana," Huguette alimjibu. "Shangazi yake ni mi."

Alikasirika, maana hakuna aliyewahi kumwonea aibu kabla ya jino hilo.

Alivuta mrija mbele ya watu wote, akameza. Alipoona macho ya wakwe yameganda kidevuni mwake, akajua pombe inamchuruzika. Baba wa bwana harusi, mzee Bahizire, aliurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kupokea mrija, akaomba kwa upole mama mwingine aonje.

Marguerite akainuka. Huguette hakuuachia mrija wala hakujipangusa.

"Baba, neva ya hapa iliumia wakining'oa jino. Mudomo hausikie, lakini koo inameza." Akavuta tena, funda refu, pombe ikamtiririka hadi kwenye vazi lake la sherehe. "Mutakunywa nyuma yangu, ao mutarudi na kiu yenu."

Pontien aliinamisha kichwa. Hapo Bella, ambaye kama bibi harusi hakutakiwa hata kuinua macho, alisimama, akauchukua mrija uleule uliolowa, akanywa. Kisha akamnyooshea baba mkwe wake, akimtazama usoni.

Mzee akavuta kiti karibu na chungu cha pombe.