Kitabu cha Matukio cha Tabby

Nilikuwa polisi miaka thelathini na moja, na kama kuna jambo nililojifunza ni hili: mtu akikariri maelezo yake, anadanganya. Asiye na hatia husahau, hurudia, hukwama. Mwizi hutiririka.

Kwa hiyo nilipomsikia mjukuu wangu Tabby akiongea na kioo, masikio yalinisimama. "I am fascinated by space. I am passionate about space. I am deeply captivated by space." Maneno kumi na mawili ya Kizungu, yote ya kupenda sana, ameyabandika ukutani na kuyarudia hata akilisha ng'ombe. Mtu anayependa chapati hahitaji maneno kumi na mawili.

Fomu ilikuwa mezani tangu Jumatatu. Chuo cha Japani, miaka minne ya kusomea mambo ya anga. Tabby ana miaka kumi na saba na mimi ndiye mlezi wake, bila sahihi yangu haendi. Kila siku nilimwambia bado naisoma.

"Guka, leo ndio mwisho," aliniambia Ijumaa baada ya chai. "Watu wa interview kwa embassy yao wanapiga simu saa kumi na mbili jioni, na lazima form ikuwe imetumwa."

"Nani alikufundisha hayo maneno?"

"Nimetoa kwa internet. Mwalimu Moffat alisema wanataka kusikia uko na interest."

"Ati interest. Hakuna kijana hapo katikati?"

"Kijana gani, Guka?"

"Nakuuliza wewe. Ama unataka tu kutoroka hii nyumba."

Machozi yalimlengalenga, lakini machozi nimeyaona mengi kwa washukiwa. Alichukua ndoo akaenda kukamua. Mimi nikafanya nilichozoea, nikapekua chumba chake. Sijivunii.

Chini ya godoro nilitarajia barua, au simu ya pili. Nilipata kitabu changu mwenyewe, kitabu kikubwa cha matukio kama cha kituoni, nilichonunua nilipostaafu ili niandike mambo ya shamba. Niliandika ukurasa mmoja nikachoka. Tabby alikuwa ameendelea: tarehe, saa, tukio, nilivyomwonyesha akiwa mdogo.

"Saa moja na dakika nane jioni. Kituo cha anga kimepita kama nyota inayotembea, kutoka Nyandarua, kikapotelea juu ya Mlima. Dakika nne."

"Saa moja kasorobo. Wingu. Sikuona kitu."

"Ukungu. Sikuona kitu."

Miaka mitatu, na kurasa nzima za sikuona kitu. Nikaketi kitandani. Mwongo haandiki hivyo, tena mahali ambapo hakuna atakayesoma.

Nikafika siku tuliyomzika mke wangu. "Saa moja na dakika mbili jioni. Cucu amezikwa leo. Kimepita, kinang'aa sana. Guka alikuwa nje peke yake, anaangalia chini. Nilitaka kumwita aone. Nikaogopa."

Ukweli ni kwamba sikumshuku kijana yeyote. Niliogopa nyumba itakavyokuwa bila yeye, na woga wangu nikauvisha sare.

Aliporudi na maziwa, fomu ilikuwa na sahihi, kitabu kiko juu yake. Alivitazama vyote viwili, kisha akanitazama mimi.

"Umeingia room yangu."

"Nimeingia. Nimekukosea." Nilimpokea ndoo. "Leo kinapita saa ngapi?"

"Saa moja na robo. Lakini kuna wingu, Guka. Pengine hatutaona kitu."

"Hata kama," nikamwambia. "Niite."