Alama ya Ngamia kwenye Jalada

Dualeh ndiye aliyeniletea habari kwamba kuna mtu anazunguka na jalada la kitabu changu, akiuliza ni la nani.

Alisimamisha lori mbele ya kibanda changu cha chai, pale mwisho wa soko la mifugo la Isiolo, akashuka bila kuzima injini. Dualeh ni mtu wa kelele. Babu yake alikuja huku na jeshi la Mwingereza, na mjukuu bado anaongea kama anapanga askari mstari. Siku hiyo aliniongelea sikioni.

"Salaam aleikum, Abduba."

"Aleikum salaam. Chai?"

"Wacha chai. Nimeona mtu kule Oldonyiro, sokoni. Vumbi lote lile, na viatu vyake vinang'aa. Amelikata jalada la kitabu chako tu, ameliweka mfukoni. Analifungua, anauliza watu, hii alama ni ya nani?"

"Wamemwambia?"

"Wale wa kule hawajui alama za ngamia wa huku. Lakini kesho ni siku ya soko hapa. Walahi, Abduba, uliondoa jina lako halafu ukajiandika kwa herufi kubwa kuliko bango la benki."

Akapanda lori lake akaenda Merti. Mimi nikabaki nimeshika birika, nikimwaga chai nje ya kikombe.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na sita, na kila mtu aliyekuwa na akili aliogopa karatasi. Mtu alikutwa na karatasi mbili tatu zilizochapwa, akachukuliwa, na akirudi, alirudi hasemi na mtu. Serikali ilikuwa ikitafuta watu wa siasa. Mimi siasa sijui. Kitabu changu kilikuwa cha Gumato, mke wangu.

Gumato alishikwa na uchungu wa kuzaa na mtoto akakataa kutoka. Zahanati ilikuwa na Land Rover moja. Nilikimbia huko nikaambiwa gari limeenda kubeba viti na hema za kumpokea mkubwa fulani, na aliyetoa amri ni mkubwa mwingine aliyetaka kupandishwa cheo. Nikamlaza kwenye mkokoteni wa punda tukaelekea hospitali ya Isiolo. Alinifia njiani, upande huu wa Ngaremara, yeye na mtoto, macho yake yakiangalia barabara nyuma yetu kama gari bado linakuja. Viti vilifika vizuri, nasikia havikutosha hata.

Niliandika hayo yote. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini jina la mtu naweza kuliandika, na nilimwandika yule aliyetoa amri, jina lake lote na la baba yake.

Wachapaji wa Nairobi walitaka nichapishe vitabu elfu moja au niwaache wafanye kazi. Kajuju ndiye aliyecheka. Huyu ni mama wa Kimeru anayechapa taipu nyuma ya posta, barua za watu na mitihani ya shule.

"Vitabu elfu utaviweka wapi, Baba Mumina? Utavilalia kama godoro?"

Akanionyesha njia yake. Alipiga maneno yangu kwenye stensili, zile karatasi za nta ambazo herufi zinazitoboa. Stensili zikatundikwa ndani ya kabati kama nguo. Msomaji akipatikana, mimi napeleka karatasi tupu, Kajuju anavalisha stensili kwenye mashine yake ya kurudufu, anazungusha mkono, kitabu kimoja kinatoka. Wakipatikana wawili, vinatoka viwili. Hakuna mzigo wa kukaa nao. Mimi nashona kwa shazia ile ya kushonea magunia, naweka jalada la karatasi ya kaki. Dualeh anapeleka kwa lori.

"Lakini jina lako usiweke," Kajuju aliniambia. "Na langu pia ukiliweka nitakuua kabla ya serikali."

Nikakubali. Halafu nilipokishika kile cha kwanza nikasikia vibaya. Kwetu mnyama asiye na alama si wa mtu, yeyote akikutana naye anaweza kumchukua. Gumato awe hivyo? Nikachukua wino nikachora kwenye jalada alama ya ngamia wangu, ile iliyo shingoni, mistari miwili na duara chini. Nikachora kwenye kila kitabu. Nilifikiri wakubwa wanajua kusoma herufi tu, hawajui kusoma shingo ya ngamia. Sikufikiria kwamba wanaweza kuuliza.

Na mtu akiuliza alama kwetu, anajibiwa. Hatufichi. Ngamia akipotea, anavuka mto, anaingia nchi ya watu wengine, na mpaka adui yako akiulizwa anasema, huyo ni wa fulani. Ukificha alama ya mwenzako, siku moja na yako itafichwa. Kwa hivyo nilijua kesho mtu mwema atanyoosha kidole kwenye kibanda changu, wala si kwa chuki. Nitafungwa na adabu ya watu wangu.

Binti yangu Mumina alikuwa darasa la saba. Mama yake hayuko, na mimi nikichukuliwa, nani atamfungulia mlango akitoka shule? Hilo ndilo nililoogopa. Jela yenyewe ningeilala.

Nikaenda kwa Kajuju. Alisikiza, akafunga dirisha, akafungua kabati.

"Tuchome saa hii."

"Ngoja kesho. Wakinichukua, choma. Wasiponichukua nakuja kuchoma mwenyewe."

"Na wakikuuliza nani alichapa?"

"Nitasema nilikuwa na mashine, nikaiuza."

"Uliiuza kwa nani?"

Nikaangalia kabati.

"Ona," akasema. "Hata kuongopa hujui. Watakukamua kama mbuzi."

Lakini alifunga kabati.

Asubuhi ya soko yule mtu alifika kabla jua halijawa kali. Viatu vilikuwa kama Dualeh alivyosema. Soko zima lilikuwa pale, na yeye akaja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye benchi langu, akaagiza chai. Nilimpa.

Akanywa, akakunja uso. "Mzee, umetia chumvi."

"Hapa wengine wanapenda hivyo, bwana."

Ilikuwa kweli, lakini mimi nilikuwa nimefikiri ni sukari. Akaniangalia. Nilingoja atoe lile jalada aniulize mimi, na nilijua akiniuliza nitasema. Ngamia ni wangu, ningekanaje? Akaweka kikombe, akainuka, akaenda katikati ya wauzaji wa ngamia. Huko ndiko akalifungua.

"Hii alama ni ya nani?"

Watu wakasogea. Nikaona wanaitambua. Godana, jirani yangu, alifungua mdomo kabisa, na macho yake yalishaanza kugeuka upande wangu. Mzee Chachu, ambaye ameuza ngamia katika soko lile tangu mimi sijaoa, akaweka fimbo yake mbele ya kifua cha Godana.

"Salaam aleikum," Chachu akamwambia yule mtu. "Kijana, mnyama yuko wapi?"

"Mnyama gani?"

"Wewe unauliza alama. Kwetu anayeuliza alama anakuja na mnyama amesimama hapa, tumwone, tumpe njia ya nyumbani. Wewe umekuja na ngozi ya shingo, imekatwa kwa kisu. Mwenye kubeba ngozi peke yake tunamwuliza yeye. Nyama umepeleka wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshika nguzo ya kibanda.

"Mzee, mimi ni wa serikali."

"Na serikali si inakula nyama?"

Kicheko kikazidi. Yule mtu akawa mwekundu wa macho. "Hii si ngozi! Ni karatasi. Ni ya kitabu."

"Kitabu." Chachu akageukia watu kama anayetafsiri. "Anasema ni kitabu. Haya, kinasema nini? Tusomee, tujue kama ni mnyama wetu."

Yule mwenye viatu vya kung'aa akaligeuza lile jalada mkononi. Angesemaje? Aseme mbele ya soko zima la Isiolo kwamba kitabu kinamtaja mkubwa wake kwa jina, na viti, na mwanamke kwenye mkokoteni? Alikuwa amelikata jalada makusudi, ili maneno yasitembee naye. Nilimwona jasho likimtoka juu ya mdomo, nikajua na yeye ana mtu anayemwogopa.

Akakunja karatasi yake polepole.

"Nitarudi," akasema. "Nitarudi nacho chote. Na nitakuja na gari, si kwa miguu."

Aliondoka. Hakuna aliyekuwa amesema uongo, hata mmoja. Lakini nilijua maneno yake si ya bure. Akipata kitabu kizima atakuwa amekuja na mnyama wake, na Chachu mwenyewe atalazimika kumjibu.

Chachu akaja kukaa pale pale alipokaa yule mtu.

"Abduba. Sikujua umeandika kitabu, na chako hakiwezi kuwa ila cha mama Mumina. Nataka changu. Mjukuu atanisomea."

"Mzee, nimeacha. Leo naenda kuchoma."

"Choma. Lakini changu kwanza."

Kajuju alikuwa amefunga duka na yuko ndani. Nilipomwambia, alinitukana kwa Kimeru, sikuelewa ila jina la Mungu. Halafu akavaa aproni yake akaanza kuvalisha stensili. Ile mashine ina mlio, bwana. Siku nyingine huwezi kuisikia kwa ajili ya malori. Siku hiyo kila mzunguko ulipiga kama mtu anayegonga mlango. Ukurasa ukitoka, tunasimama, tunasikiliza nje, tunaendelea. Mara hatua zikapita nyuma ya duka. Kajuju akakumbatia ile mashine kwa mikono miwili kama mtoto anayetaka kulia. Hatua zikaenda zao.

Stensili zilizokwisha kutumika alinipa mimi.

"Choma wewe. Mikono yangu imekataa."

Nikazitia moja moja kwenye jiko lake la makaa. Nta inashika moto haraka. Ile ya Ngaremara ilijikunja, herufi zikawa mianga midogo, zikazimika. Mara ya kwanza walimuua Gumato kwa gari ambalo halikuja. Mara hii hawakuhitaji hata kutuma mtu, walinifanya nimchome mwenyewe. Waandike hilo kwenye hotuba zao.

Kurasa za Chachu nilizivaa tumboni chini ya shati, wino haujakauka. Hazikuwa na jalada wala alama. Njia ya kwenda kwake inapita mbele ya kituo cha polisi, hakuna nyingine isiyokuzungusha mbele ya macho ya watu wengi zaidi. Askari wa zamu alikuwa mlangoni, mteja wangu wa chai.

"Mzee Abduba! Mbona unatembea kama mama mjamzito?"

"Tumbo," nikasema.

"Ni ile chai yako." Akacheka. Na mimi nikacheka, na kurasa zikateleza kidogo chini ya mkono wangu.

Chachu alizipokea, akaziweka chini ya ngozi anayokalia, akakaa juu yake.

Nilipofika nyumbani nimeshika tumbo, Mumina aliniinulia shati akitafuta nilipoumia. Tumbo langu lilikuwa limejaa mistari myeusi ya maneno, yamegeuka nyuma mbele. Alitaka kuyasoma. Nilimkataza, nikachukua majivu na maji nikasugua. Wino ule hautoki upesi. Gari likaja barabarani, likapunguza mwendo mbele ya mlango wetu. Mumina akaniangalia. Nikamwambia aingie chumba cha ndani, na mimi nikaendelea kusugua, kwa nguvu, mpaka ngozi ikaanza kuchubuka, nikisikiliza kama injini itazimwa.