Mshangao wa Mtumba

Jana mchana, baada ya wali na maharage, nilijilaza kwenye kochi na usingizi ukanichukua bila kubisha hodi. Nikaota nimesimama ndani ya katuni ya mtandaoni niliyoiacha miaka minne iliyopita, sehemu ya mia sita kumi na nane.

Ilikuwa katuni ndefu isiyo na haya. Ukoo mzima umebeba nyumba mgongoni, unautafuta mlango wake uliotoroka. Mimi na Mwanakheri, niliyekuwa naye chumba kimoja chuoni Morogoro, tuliianza kwa utani siku ya mvua. Tulifika sehemu ya mia mbili nguo zetu zingali zimelowekwa. Simu ilikuwa yangu. Yake ilikuwa kitochi kisichofungua mtandao. Sharti lilikuwa moja: hakuna kusoma mbele bila mwenzako. Sijawahi kuwa na raha kama ile tena, nasema kweli.

Sasa Jemadari, mkuu wa ukoo ule, amesimama mbele yangu, mguu mmoja hewani.

"Shikamoo," namwambia.

"Marahaba. Tangu mlipotuacha mguu uko juu. Umekufa ganzi."

"Si uushushe?"

"Hatusogei mpaka msomaji ashangae. Ndiyo chakula chetu."

Nakodoa macho, naweka kiganja mdomoni. Kiputo cha maneno kilichoning'inia juu ya kichwa chake kinashuka na kuunusa mshangao wangu.

"Huu wa mtumba," kinasema. "Umeshavaliwa."

"Mara moja tu."

"Njia ya mwongo fupi, binti," anasema Jemadari, bila ukali.

Hapo ukurasa unapanda juu, nami nashuka, maana katuni ile husomwa kwa kushuka tu. Natua chumbani kwetu hosteli. Kila kitu kimechorwa kwa wino mweusi, hata mvua dirishani. Ndoo ya nguo inaniuliza kama leo tutafua. Naiambia bado, inaguna.

Mwanakheri ameketi kitandani na kanga aliyorudi nayo kutoka matangani kwa bibi yake. Macho yamemvimba kwa kulia. Anajisogeza kunipa nafasi, kama alivyofanya siku ile.

"Haya, tuliishia wapi? Nisahaulishe kidogo."

Siku ile nilifungua simu, nikakaa. Leo nabaki nimesimama.

"Mwana, nilisoma mbele. Wewe uko msibani, mimi huku nikamaliza sehemu arobaini peke yangu. Uliporudi nikazisoma upya na wewe, najifanya nashangaa. Kila ukicheka naona aibu. Ndiyo maana nikaanza kukukwepa, mpaka tukapotezana. Nisamehe, shoga yangu."

Jemadari, ambaye sijui ameingia saa ngapi, anashusha mguu taratibu. Mwanakheri anafungua mdomo. Kiputo kinamtoka, kikubwa, cheupe, hakina hata neno moja.

"Mbona kitupu?" nauliza.

"Subiri," inasema ndoo. "Bado kinaandikwa."

Nikaamka. Jua lilikuwa limehamia miguuni kwangu, na jirani alikuwa anatwanga kisamvu. Simu ikatetemeka kifuani. Ujumbe ulitoka kwa namba ambayo kwa miaka minne sikuthubutu kuipiga.

"Nilijua siku ileile, shoga. Ulikuwa unashangaa kabla picha haijafunguka."