Foleni ya Jumamosi

Haki ya Mungu, ule muziki wanaokupigia benki ukiwa unasubiri kwenye simu ungekuwa mtu, ningemkaba koo. Kinanda kile kile dakika arobaini, halafu sauti ya mwanamke inakwambia simu yako ni muhimu sana kwetu. Muhimu! Ingekuwa muhimu si mngeipokea?

Nilikuwa nimekaa jikoni kwangu, hapa Burslem, Uingereza, mwezi wa tano mwaka 2019, chai imeshapoa. Kutoka kwa benki ile nilitaka kitu kimoja tu, barua ya kusema kwamba mume wangu Royston hakuwa mjinga. Pesa wangebaki nazo. Hapana, nisiseme uongo, pesa nilizitaka pia. Lakini barua kwanza.

Royston alikuwa fundi wa vigae, amejiajiri mwenyewe tangu kiwanda cha vyombo vya udongo kilipomwachisha kazi. Mwaka 2003 tulikopa kwa majina yetu mawili, mimi na yeye, ili anunue gari la kazi. Juu ya mkopo wakatubandika bima. Ukiumwa au ukikosa kazi, wakasema, bima itakulipia mkopo. Miaka minne baadaye mgongo ukamwangusha, akalala miezi saba. Tukaidai hiyo bima. Wakajibu kwa mistari miwili tu, kwamba haiwahusu watu waliojiajiri. Miaka yote ile tulikuwa tunalipia kitu ambacho kisingetusaidia hata siku moja.

Siku ile nilimfokea. "Mtu mzima na akili zako unatia saini kitu hukijui? Mjinga gani wewe?"

Alikuwa amelala sakafuni, maana kitanda kilimuumiza. Akanitazama kutoka kule chini akasema, "Basi, Thelma. Yaishe."

Gari tukaliuza. Lakini mimi sikuyamaliza. Kila tulipokwama nilimkumbusha. Hata Krismasi, mbele ya ndugu zake, na kiglasi changu mkononi: muulizeni Royston, yeye ndiye bingwa wa kusaini. Watu wanacheka, na yeye anacheka. Alifariki mwaka 2016, na siku zote hizo hakuwahi kunijibu.

Aliyenichokoza ni Hazel, jirani yangu. Aliingia siku moja na rangi ya jua usoni, katoka likizo kisiwani Tenerife.

"Wewe bado hujadai? Nchi nzima imerudishiwa pesa za bima za uongo, hata yule mlevi wa nyumba nambari kumi na nne! Mimi nimelala ufukweni wiki mbili kwa pesa zao, wewe umekaa hapa na chai."

"Nidai kwa karatasi gani? Nimezichana zote."

Na kweli nilizichana. Sisi tuliambiwa karatasi za benki zitunzwe miaka sita. Basi ukiingia mwaka wa saba, tunakaa chini na mkasi tunazikata kwa raha zetu, tunajiona watu safi sana.

"Karatasi wanazo wao, shoga," Hazel akasema. "Waandikie, waambie unataka kila walichowahi kuandika kukuhusu. Ni sheria, hulipi kitu, na wana mwezi mmoja wa kukujibu. Ila fanya haraka. Mwisho wa kudai ni tarehe ishirini na tisa mwezi wa nane. Ikipita hiyo, utalia na nani?"

Ndiyo maana nikawa kwenye simu. Hatimaye muziki ukakatika, akaja kijana mmoja, sauti laini kweli.

"Naomba kuongea na Bwana Colclough, mwenye jina la kwanza kwenye mkopo."

"Bwana Colclough amefariki."

"Oh, pole sana, mama. Je, anaweza kuja kwenye simu athibitishe tarehe yake ya kuzaliwa?"

Nikaitazama ile simu. "Mwanangu, yuko makaburini. Ukimpata mwambie na mimi namtafuta."

"Samahani, mama, mfumo hauniruhusu kuendelea bila yeye."

"Mkopo ulikuwa wa watu wawili! Nataka zinazonihusu mimi. Mimi nipo hai, si unasikia ninavyopiga kelele?"

Akaniambia niandike barua. Nikaandika. Wakataka bili ya maji kuthibitisha naishi wapi. Bili ya maji ilikuwa na jina la Royston, maana nani ana moyo wa kulifuta? Nikalifuta. Nilikaa siku nzima na hasira kwa kulifuta lile jina kwa ajili ya watu wale. Mwezi wa sita ukaisha. Mwezi wa saba wakaandika saini yangu hailingani na ya mwaka 2003, tuanze upya. Nina miaka sitini na sita na vidole vyenye baridi yabisi, italinganaje? Halafu ikaja barua nyingine, bahasha nzuri, karatasi nzito: Mpendwa Bwana Colclough, tunakupa pole kwa kifo chako.

Hazel alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mimi nililia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, nikaipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Jioni hiyo hiyo nikawaandikia kwamba nawapeleka kwenye ofisi ya serikali inayosimamia taarifa za watu, na nikatia saini yangu ya sasa, kubwa, wailinganishe na wanachotaka.

Bahasha ilifika tarehe kumi na tisa mwezi wa nane, nene kama mkate. Zimebaki siku kumi za kudai. Hazel akaja na chapati zetu za oti zenye jibini, tukasogeza sahani pembeni, tukagawana karatasi. Kurasa mia mbili na zaidi, nyingi zikiwa tarakimu na maneno yaliyopakwa wino mweusi. Nilikuwa karibu kukata tamaa Hazel alipopiga yowe.

"Hii hapa! Tumewapata! Yule aliyewauzia aliandika maelezo ya siku ile. Sikiliza." Akarekebisha miwani. "Jumamosi, saa sita kasoro dakika kumi. Mume aliuliza mara mbili kama bima inamfaa mtu aliyejiajiri. Nikamweleza kwamba mkopo ukiwa na bima hupita kwa urahisi zaidi. Thelma, unasikia? Aliuliza! Mara mbili! Hawakumjibu, walimzungusha tu!"

"Aliuliza," nikasema. Nilijisikia kuimba. "Si nilisema? Hakuwa mjinga. Endelea."

Hazel hakuendelea. Macho yake yalishuka mstari mmoja chini yakabaki pale.

"Endelea basi."

"Hayo yanatosha, mpenzi. Hayo mengine hayana maana."

Nikampokonya ile karatasi. Iliandikwa hivi: Mume akataka aende na fomu nyumbani akaisome. Mke akamhimiza atie saini kwa kuwa watu walikuwa wanangoja. Wametia saini wote wawili.

Jamani. Nilikuwa nimesahau kabisa, na pale pale nikakumbuka yote. Benki ilikuwa inafungwa saa sita. Nyuma yetu foleni imefika mlangoni, mwanamke mwenye kigari cha mtoto anavuta pumzi kwa nguvu ili tumsikie, mzee mmoja anatazama saa yake. Kwetu sisi mtu anaweza kusamehewa karibu kila kitu, lakini si kuchelewesha foleni. Shingo yangu ilikuwa inawaka kwa aibu. Royston anasema ngoja kwanza, mimi nimejiajiri, hii inanihusu vipi? Na mimi nikaichukua kalamu mezani nikamtia mkononi. "Saini bwana, twende. Watu wanangoja."

Miaka tisa nilimwita mjinga. Neno moja tu lingenifunga mdomo, na alikuwa nalo. Alilala pale sakafuni na mgongo wake, akanitazama, akasema yaishe.

"Funika ule mstari," Hazel akasema polepole. "Unatoa kopi, unabandika kipande cha karatasi juu yake. Nani atajua? Na wao benki wasije wakasema mke ndiye aliyemlazimisha."

"Wao ndio walioandika, Hazel."

"Najua. Ila usiwarahisishie kazi."

Nilifikiria, sitadanganya. Nilitoa hata ile gundi kwenye droo. Lakini kama nilitaka iandikwe kwamba Royston aliuliza, basi na langu liandikwe. Nikaupeleka ukurasa mzima posta mwenyewe, pamoja na dai langu, kwa rejista, na njiani nikaongea peke yangu kama kichaa, nikimwambia mambo ambayo alipaswa kuyasikia akiwa na masikio.

Jibu likaja mwezi wa kumi na moja. Tunakubali kwamba bima hii haikumfaa marehemu mume wako. Tunakubali pia kwamba aliuliza maswali ya busara na hakupewa majibu ya kweli. Tunaomba radhi. Na hundi ndani. Maswali ya busara! Nililisoma lile neno mpaka karatasi ikalegea. Nikataka kumwonyesha mtu, na mtu niliyetaka kumwonyesha ni mmoja tu.

Jumamosi nikaipeleka hundi benki, ile ile. Nilichelewa basi, nikafika saa sita inakaribia, na foleni nyuma yangu ikajaa haraka. Binti wa dirishani akapokea hundi, akatabasamu, akanisogezea karatasi na kalamu.

"Saini hapa tu, mama. Tunakufungulia akaunti ya akiba, pesa yako isikae bure."

"Ina masharti gani?"

"Ya kawaida tu."

"Inamfaa mtu wa umri wangu? Nikizitaka kesho nazipata?"

"Yote yameandikwa hapo nyuma," akasema, akitazama saa ukutani. Nyuma yangu mtu akakohoa. Mwingine akavuta pumzi ile ile, ya kutaka nimsikie. Shingo ikaanza kuniwaka, na vidole vyangu vyenyewe vikaifuata kalamu.

Nikaiweka chini.

"Nisomee," nikasema. "Toka mwanzo."

"Mama, watu wanangoja."

"Najua."

Nikageuka nikawatazama wote, uso unawaka moto. "Samahanini," nikawaambia. "Mume wangu alikuwa na swali."