Kikombe cha Nasiri

Katika shule ya chekechea ya kanisa pale Kamembe, uji haukunywewa ovyo. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake kilichopakwa alama: jani, jua, samaki. Mtoto asipofika, kikombe chake kiliwekwa mezani vilevile, kimepinduliwa mdomo chini, na kabla ya yeyote kugusa uji, mtoto wa zamu ya kugawa siku hiyo alimtaja mwenzake mbele za Mungu kwa jina. Ndipo wakanywa. Sheria hiyo aliitunga mwalimu Mukankusi mwenyewe, na ukitaka kumwona amekasirika, iite mchezo.

Munyemana, baba wa binti aitwaye Isimbi, aliiita mchezo. Alikuwa dereva wa pikipiki, mtu wa haraka, aliyekulia Bukavu na kufundishwa Kifaransa kwa fimbo.

"Madamu, batoto banakunywa uji, banapanda maharagi, banaimba. Miye nalimutuma wangu kusoma! Samaki mkunje angali mbichi."

"Kumukunja ndiyo, Papa Isimbi. Kumuvunja, hapana. Mungu hakuumba kichwa peke akakichomeka ku muti."

"Sawa. Siku ya sherehe ya bazazi nitakuja. Kama sioni kitu, namuondoa."

Mdomoni mwalimu alishinda, lakini moyoni maji yalikwisha zidi unga. Isimbi alikuwa na miaka mitano. Alipoletwa mwaka uliopita hakuthubutu kumtazama mtu usoni, na sasa ndiye aliyewafunga wadogo kamba za viatu. Kumpoteza mtoto yule! Basi Mukankusi akafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na mmoja aliapa hatalifanya. Kwa wiki mbili, wengine wakicheza uani, alimketisha Isimbi peke yake na kumkaririsha shairi refu la Kifaransa la kumshukuru Mungu. Mtoto hakuelewa hata neno moja, ila alilishika lote. Mwalimu aliona aibu, akaimeza.

Siku ya sherehe ya wazazi mabenchi yalijaa, wazee wa kanisa wakiwa mstari wa mbele. Vikombe ishirini vilipangwa mezani karibu na sufuria la uji wa mtama na soya. Kimoja, chenye alama ya samaki, kilikuwa kimepinduliwa. Ni cha Nasiri, mtoto wa fundi cherehani, Mwislamu wa mtaa wa pili, aliyeshikwa na malaria. Lakini ratiba ilikuwa ndefu na wageni walikuwa wakitazama saa. Mwalimu akaruka kumtaja Nasiri, akamwita Isimbi.

Isimbi alitoa beti mbili bila kujikwaa. Munyemana akaanza kunyoosha kola yake na kuwatazama majirani. Katika ubeti wa tatu mtoto akanyamaza, macho yakiwa mezani. Mwalimu akamnong'onezea neno linalofuata. Akamnong'onezea tena.

"Madamu," Isimbi akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "hatuyamutaja Nasiri."

"Maliza kwanza, mama yangu."

"Hapana. Kikombe yake iko imepinduka."

Akafumba macho bila kuomba ruhusa, na wenzake kumi na wanane wakafumba pamoja naye. "Mungu, leo tuko kumi na tisa. Tulikuwaka makumi mbili. Nasiri iko na malaria, na hapendi dawa ya uchungu. Umupatie nguvu ya kumeza. Amina."

Uso wa Mukankusi uliwaka. Wiki mbili alikuwa akimfundisha mtoto kusahau alichomfundisha mwaka mzima, na mtoto amekataa! Alijivuna mpaka machozi yakamtoka. Atakayemwondoa na amwondoe, lakini huyu alikuwa amekwisha kulelewa.

Munyemana akasimama. Watu wakageuka kumtazama akija mbele.

"Madamu, mwezi wa pili Isimbi alilalaka ku hospitali siku sita. Na yeye mulimutajaka?"

"Siku zote sita."

"Nani alimutaja?"

"Zamu ilikuwa ya bengine. Lakini Nasiri alikatala kumuachia muntu. Siku zote sita ni yeye."

Munyemana aliinamisha kichwa. Siku zile sita alidhani duniani wamebaki watatu tu: yeye, mtoto wake na ukuta wa hospitali. Kumbe kila asubuhi kulikuwa na mtoto wa miaka mitano, mbele ya uji unaopoa, akilitaja jina la binti yake.

Akamwinua Isimbi, akambusu kipaji cha uso. "Huyu ni mutoto wangu," akawaambia wazee wa kanisa, kana kwamba walikuwa wamebisha. Kisha akamgeukia mwalimu. "Munitilie uji ya Nasiri ku termosi. Kwabo tunapafahamu."

"Na shairi? Kulibaki beti mbili."

"Bazazi banywe kwanza uji, Madamu."

Juma lililofuata, siku ya Alhamisi, pikipiki ya Munyemana ilisimama langoni wakashuka watoto wawili, mmoja amekonda, mwenzake amemshika mkono. Ndani, kikombe chenye samaki kilikuwa bado kimepinduliwa. Isimbi alitangulia mbio, akakigeuza mdomo juu.