Kinamasi cha Chepkurui

Kipkorir hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

Shamba lake na mkewe Rodah lilikuwa upande wa Mogogosiek, chai tupu kutoka barabarani hadi chini, isipokuwa kipande kimoja cha bondeni, kinamasi chenye chemchemi, ambacho hakikukauka mwaka mzima. Hapo, kila mwezi wa sita, okidi za porini zilichomoza kwenye nyasi: bua moja nene, maua ya waridi yamebanana hadi kileleni, na kila ua lina vimkia viwili nyuma. Binti yao wa kwanza, Chepkurui, alikuwa akizihesabu kwa kidole. Akifika kumi alianza tena, maana namba zake ziliishia hapo. Malaria ilimchukua akiwa na miaka minne.

Baada ya mazishi Rodah aliomba kitu kimoja tu. "Baba Chepkurui, pale chini usipande chai."

"Jembe langu haitaingia pale," Kipkorir akajibu, mkono juu ya Biblia. "Mungu anasikia."

Rodah akamwamini. Nani asingemwamini? Akakitunza kile kinamasi kama kaburi. Aliwazuia ng'ombe mpaka maua yakauke na mbegu, laini kama vumbi, zipeperuke. Siku moja alifukua bua kwa vidole akaona viazi viwili chini yake: kimoja kimesinyaa kwa kulisha maua ya mwaka huo, kingine kigumu, akiba ya mwaka ujao. Akavifunika haraka, moyo umetulia.

Mwaka wa tisini na nne Kipkorir alileta miche mia mbili ya blugamu, ile mikaratusi mirefu. "Tupande hapa pembeni ya swampu, Mama Chepkurui. Itakuwa fensi, ng'ombe zisikusumbue."

Rodah alifurahi, na furaha ile ndiyo inayomuuma zaidi. Kiangazi kilipokuja, yeye ndiye aliyeinama na ndoo, akachota maji katika kinamasi kilekile, akanywesha mche mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja uliokufa.

Miti ikapaa, maua yakapungua. Mwaka mmoja mabua thelathini, mwingine kumi na mawili, kisha manne. Rodah alilaumu jua, akalaumu mbuzi wa jirani, akajilaumu mwenyewe kwa kutoomba vya kutosha. Mwezi wa sita wa tisini na tisa halikuchomoza hata moja.

Wiki hiyo alikutana sokoni na Kimotho, muuza miche.

"Mama, ile swampu yenu ilikauka?" Kimotho akauliza kwa uchangamfu. "Mzee alikuja akisema anataka miti ya kumaliza hiyo maji yote, apande majani chai. Nikamwambia achukue blugamu, haiwezi kumwangusha."

Sukari aliyokwenda kununua Rodah hakuinunua. Alirudi moja kwa moja hadi bondeni, akapiga magoti kwenye udongo mkavu, akafukua pale alipopajua. Viazi viwili, vyote vimesinyaa.

Akalia kwa hasira. Chepkurui alichukuliwa na malaria, na hapo hakuwa na wa kumlaumu. Lakini maua haya aliyaua kwa mikono yake mwenyewe, ndoo baada ya ndoo, na mtu anayelala naye kitanda kimoja alisimama akimtazama akichota.

Jioni Kipkorir alimfuata huko huko, na ile sauti yake ya upole ya kanisani. "Mama Chepkurui, maua si imekwisha? Sasa nikilima hapa, si hakuna neno?"

"Ulijua," Rodah akasema. "Tangu ile siku ulileta miche, ulijua."

"Nimevunja ahadi gani? Jembe imeingia?"

Rodah akasimama, akajipangusa magoti. "Haijaingia, na haitaingia. Uliapa juu ya mahali, hukuapa juu ya maua. Mungu bado anasikia."

Akapanda hadi nyumbani, akarudi na shoka. Yeye hakuwahi kumwahidi mtu yeyote jambo lolote kuhusu miti.

Alianza na ule uliokuwa karibu na chemchemi, ule alioupa maji mengi kuliko yote.