Ukurasa Aliouruka Mke wa Mchungaji

Majira yale ya baridi, katika mji mdogo wa kando ya ziwa Mjøsa, nchini Norwe, kila aliyejiona msomi alikuwa amekisoma kitabu kile kisicho na jina la mwandishi, na wote walikubaliana kwamba kimeandikwa na mwanamume. Sijui ndevu waliziona ukurasa wa ngapi. Mfamasia aliapa kwamba ni profesa wa Christiania, mji mkuu. Karani wa posta alidai ni kasisi aliyechoka. Hakimu Joachim Stabell, ambaye neno lake mjini pale halikupingwa, alisema ni mwanamume tu aliyekosana na mkewe.

"Maana kama ni mwanamke," alisema mezani, kiazi kikiwa bado mdomoni, "mwanamke anayeandika eti mabinti zetu tunawapeleka mnadani kama ng'ombe, ila wamevalishwa hariri, basi hata angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja, asingekula tena katika nyumba hii. Nisogezee siagi, Severine."

Severine, ndugu yake wa tumbo moja, akamsogezea siagi.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mjane wa mwalimu Aamodt aliyekufa bila kumwachia mtoto wala nyumba. Mjane wa namna hiyo aliishi kwa ndugu wa kiume, au aliishi kwa kuhurumiwa na watu, na hilo la pili Severine aliliogopa kuliko kifo. Kaka yake alimpa chumba cha juu, na huko ndiko alikokiandika kitabu, mlango akiwa ameuegemezea kiti. Tena Hakimu hakuwa mtu wa kutisha mdomoni tu. Akishatamka neno atalitimiza hata likimuumiza mwenyewe, na hiyo ndiyo sifa aliyojivunia kupita zote. Kwa hiyo Severine alijua wazi: siku siri ikitoka, na yeye atatoka.

Angeweza kukaa kimya hadi uzeeni, isingekuwa Dorthea.

Dorthea alikuwa binti pekee wa Hakimu. Mama yake alifariki akimwacha mdogo, na Severine ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na Jumapili iliyokuwa ikija uchumba wake na Kapteni Falch ulikuwa utangazwe. Kapteni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne na meno yake yote, na alipoanza kuzungumza juu ya farasi, watu waliweza kusinzia na kuamka bila kupitwa na kitu.

"Unampenda?" Severine alimuuliza msichana huyo asubuhi moja alipokuwa akimsuka nywele.

"Baba anampenda," Dorthea alijibu.

Severine akaendelea kusuka. Mwanamke aliyejaza kurasa mia tatu kuwaambia mabinti wa watu wafungue midomo, huyu wa nyumbani kwake akashindwa kumwambia hata neno. Alijichukia siku ile, akajichukia na kesho yake, na bado hakutia neno.

Alhamisi walikwenda wote wawili nyumbani kwa Mchungaji Hjelm, kwenye chama cha wanawake. Kina mama walikuwa wakifuma soksi nzito za sufu za kupelekwa kwa Wazulu kupitia wamisionari. Hakuna aliyewahi kuwauliza Wazulu kama miguu inawaganda. Wakati wengine wanafuma, Bibi Hjelm, mke wa Mchungaji, husoma kwa sauti. Kwa kawaida ilikuwa habari za misheni, lakini safari hii aliamua kusoma kitabu chenyewe. Ni afadhali wasichana wakisikie kwake kikiwa kimesafishwa, alisema, kuliko wakisome kichafu chini ya blanketi.

Na kusafisha alijua. Kusoma mbele ya mabinti ni kazi yenye ufundi wake: jicho linatangulia mistari kadhaa, likiona pabaya, kidole kinageuza kurasa mbili kwa pamoja, na sauti haitikisiki hata kidogo. Kina mama watu wazima walijua paliporukwa, kila mmoja akaangalia sindano zake. Ilikuwa adabu. Hakuna mtu, tangu chama kile kianze, aliyewahi kumwambia msomaji kwamba ameruka.

Severine alisikiliza kitabu chake kikikatwa vipande na akavumilia. Pale Margit, msichana wa kitabuni, anapomtukana mjomba wake pakapita kimya kimya. Pale mama anapokiri kwamba na yeye hakutaka kuolewa pakapita. Kisha wakafika kwenye usiku wa kuamkia harusi ya Margit, na Severine akaona kwamba Dorthea ameacha kufuma. Soksi ilikuwa mapajani na uso ameuinua, anasubiri kusikia Margit atafanya nini.

Bibi Hjelm akalowesha kidole. Ghafla Margit yuko kanisani, taji la bibi harusi kichwani, na kengele zinalia.

Dorthea akainamisha uso, akaiokota soksi yake.

"Umeruka," Severine alisema.

Sindano zote zikasimama.

"Karatasi zimeshikana tu, mpenzi," Bibi Hjelm alisema kwa upole. "Si unajua tena, mvuke wa kahawa."

"Umeruka ukurasa mzima."

"Severine, mabinti wapo hapa."

"Ndiyo maana." Mawazoni alimwona kaka yake mezani, akaiona ngazi ya kwenda chumbani kwake, akaviona vyote hivyo vizuri kabisa. Kisha akausema ukurasa ule kwa kichwa, akimtazama Dorthea peke yake.

"'Usiku ule Margit alielewa kwamba kosa halikuwa la yule mwanamume. Kosa lilikuwa kwenye ukimya wake mwenyewe, ukimya aliofundishwa tangu utotoni na kusifiwa kwa ajili yake kila alipopita. Alikuwa amenyamaza vizuri mno hata watu wote, na yeye mwenyewe, wakadhani amekubali. Akakaa kitandani akajaribu kulitamka neno moja, sitaki, kwa sauti ndogo, aone kama koo litalipitisha…'"

Hapo pumzi ikamwishia.

"'Likapita,'" alimalizia Bibi Hjelm, "'wala halikuuma.'"

Wote wakamgeukia. Mke wa Mchungaji akawa mwekundu hadi shingoni.

"Nimekisoma mara kadhaa," alisema, akikifunga kitabu. "Lazima nijue pa kuruka."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Lakini Bibi Tollefine, mke wa mfamasia, hakucheka. Huyu macho yake hayakuwa yamebanduka kwa Severine.

"Sisi wengine tumekisoma," alisema. "Wewe unakijua kama Katekisimu. Nani kakufundisha?"

Severine angeweza kudanganya. Aliutafuta uongo na uongo ulikuwepo, tena mzuri.

"Nimekiandika mimi," alisema.

Bibi Tollefine akaziweka sindano zake mapajani.

"Na mume wangu anavyojidai," alisema. "Profesa! Eti anamjua hata na mtaa anaoishi!"

Habari ilifika nyumbani kwa Hakimu kabla ya Severine, kwa sababu mke wa mfamasia alipanda sleji ya farasi, kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, na Severine na Dorthea walitembea. Njiani Dorthea alimshika shangazi yake mkono penye barafu, na barafu ilipoisha hakuuachia.

Jioni walikula samaki wa chumvi na viazi. Hakimu alikula kila kilichokuwa kwenye sahani yake. Kisha wakasimama wote, kama wanavyosimama watu wa nchi ile wakishakula, kila mmoja aende kumpa mkono mwenye nyumba na kumshukuru. Hata ombaomba aliyepewa uji jikoni hakuondoka bila kupewa mkono.

"Asante kwa chakula, kaka," Severine alisema, akanyoosha mkono wake.

Hakimu aliiweka mikono yake nyuma ya koti.

Mtumishi aliyekuwa akiondoa sahani alielewa, akasimama alipo. Severine aliendelea kuunyoosha mkono zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaushusha.

"Nilisema," Hakimu alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hilo halikubadilisha chochote.

"Ulisema."

"Kesho asubuhi."

"Sawa, kaka."

Ikawa zamu ya Dorthea. Baba yake akautoa mkono wa kulia nyuma ya koti, akampelekea. Dorthea aliutazama mkono ule. Kisha naye akaiweka mikono yake nyuma, vilevile kama alivyofanya baba yake.

"Baba, Kapteni Falch simtaki."

Hakimu alimtazama kama aliyesikia kiti kikizungumza. "Nani kakuuliza?"

"Hakuna," Dorthea alisema. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Nikingoja mniulize nitakuwa nimeshazaa."

Mkono wa Hakimu ulibaki hewani, na hakuna aliyeupokea. Severine, ambaye hakujua kesho yake atalala wapi, alifurahi hadi akaona aibu.